Mikia Myeusi ya Kitisuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya Kitisuru, na Tobias Were amepiga magoti kando ya kidimbwi kama mtu anayesali. Hasali. Anahesabu mikia.

Suruali ameikunja mpaka magotini. Mkono mmoja umeshika pumba za mahindi, mwingine mpini wa jembe. Anagonga ukingo wa saruji mara tatu, na maji yanaanza kuchezacheza. Samaki wanakuja. Anawamwagia pumba kidogo kidogo ili wapande juu awaone vizuri. Vichwa haviangalii. Anaangalia nyuma, pale mkia unapoanzia.

"Kumi na nne. Kumi na tano. Huyu yuko sawa," anasema kwa sauti ya chini. "Kumi na sita. Huyu... ngoja. Ngoja kwanza."

Anainama zaidi. Samaki anageuka, jua linampiga ubavuni.

"Ni kivuli tu," anasema, na kupumua.

Kwenye karatasi, kazi yake ni kutunza bustani. Watu wa huku wanamwita shamba boi, ingawa ana miaka arobaini na mbili na mjukuu mmoja. Anakata nyasi, anapunguza ua, anafagia njia ya gari. Mshahara wake ni shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi, na chumba kimoja nyuma ya jikoni. Kidimbwi hakimo katika kazi aliyoandikiwa. Kidimbwi alijipa mwenyewe.

Na ni kidimbwi hicho kilichomfanya aseme neno moja ambalo hadi leo, Februari 1974, halijarudi mahali lilipotoka.

Tobias ni mtu wa Bunyala, kule Mto Nzoia unakomwagikia ziwani. Baba yake alikuwa mvuvi, na babu yake pia. "Mimi nilijua kuogelea kabla sijajua kuvaa suruali," anasema. Alikuja Nairobi mwaka 1959, akafagia ofisi katikati ya jiji miaka mitatu, akahamia Lavington kukatia Wazungu maua yao. Mwaka 1966 akaja hapa Kitisuru, kwa Bwana Kinyanjui, mfanyabiashara aliyenunua nyumba hii kwa Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo.

Mzungu aliacha kidimbwi kikavu chenye majani yaliyooza. Bwana Kinyanjui alitaka kijazwe udongo, kipandwe waridi.

"Nikamwambia, mzee, nipe mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu. Ukiisha na hujafurahi, nitajaza udongo mimi mwenyewe kwa mikono."

Akatafuta ngege wadogo, samaki wa kwao ziwani, akawalea, akawafundisha kuitikia mpini wa jembe. Kufika mwaka 1970, Bwana Kinyanjui alikuwa akileta wageni kutoka mjini Jumapili, watu wa tai na viatu vya kung'aa, waje waone samaki wanaokuja wakiitwa.

"Wageni wanapiga makofi," anakumbuka Tobias. "Na mimi nimesimama hapo na jembe langu kama padri."

Januari mwaka jana, jua likapasua sakafu ya kidimbwi. Ufa ulianza kona moja ukaenda hadi nyingine. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua kwa upana wa kiganja. Fundi wa mawe aliyeitwa alitaka kuvunja sakafu yote, na samaki wakae kwenye mapipa miezi miwili. Tobias akakataa. Alikuwa na dawa yake.

Kule Bunyala kila wavu una risasi chini yake, vipande vya ile metali laini nzito, ili wavu uzame. Baba yake alikuwa akiyeyusha betri kuukuu za magari kwenye chungu kilichovunjika, anamwaga kwenye mchanga, anagonga. Kazi hiyo Tobias aliifanya akiwa mtoto. Risasi ililala ziwani miaka na miaka, na samaki wakaliwa, na watu wakazaa.

"Sasa ningeogopa nini? Ndiyo kitu niliyozaliwa nayo."

Akashuka kwa miguu mpaka mtaa wa Grogan, kwa Nashon, mtu wa kwao anayevunja betri mbovu nyuma ya gereji. Nashon akamjazia nusu gunia.

"Unaenda kuvua hapa Nairobi, Baba Joash?" Nashon akamtania. "Utavua nini, madiwani?"

"Naziba nyumba ya samaki."

"Chukua basi. Ukimaliza uniletee mmoja wa kukaanga."

Tobias akawasha jiko la makaa, akaweka sufuria iliyong'oka masikio. Risasi ikayeyuka, ikang'aa kama kioo. Akawahamisha samaki kwa siku mbili, akamwaga risasi katika ufa wote, akaipigapiga kwa nyundo. Ikakaa kama mshono wa shati. Tone halikupita tena.

Yakabaki maji. Maji ya mfereji ya Nairobi yana dawa, na dawa hiyo ilishamuulia samaki mwaka 1968. Kwa hiyo akaelekeza mabomba ya paa moja kwa moja kidimbwini. Mvua za Machi na Aprili zikajaza mpaka ukingoni, maji ya mbinguni, safi, hayana harufu, hayana ladha. Tobias alikuwa akiyatazama na kujisifu.

Mkia wa kwanza aliuona Julai.

Alidhani ni tope. Akamshika samaki, akamfuta kwa kidole gumba. Tope halikutoka. Kuanzia tumboni kwenda mbele samaki alikuwa wa fedha, kama kawaida. Kuanzia tumboni kwenda nyuma alikuwa mweusi tititi, kama amechovywa kwenye masizi. Mpaka wenyewe ulikuwa umenyooka kama umechorwa na rula.

"Kama samaki wawili wameshonwa pamoja," anasema Tobias. "Huku aliye hai. Huku sijui nani."

Baada ya wiki mbili walikuwa saba. Halafu migongo ikaanza kupinda. Samaki alikuwa anakwenda kama herufi ya S, ubavu juu, anazunguka mahali pamoja, anazunguka, hachoki. Mashavuni wakatokwa na ute mweupe, wakawa wanafunua midomo juu ya maji kama watu wanaotaka kusema jambo. Tobias akigonga ukingo walikuja, lakini hawakuja kwake. Walikwenda ukuta wa pili, wakabandika pua zao hapo, wakatulia hivyo.

Kitu kingine: kivuli. Samaki hukimbia kivuli, hata mtoto anajua. Tobias alisimama juu yao, akanyoosha mkono, akaufunika uso wa maji. Hakuna aliyetikisika.

Halafu vyura wakanyamaza. Miaka yote walikuwa wanapiga kelele mpaka Bwana Kinyanjui analalamika. Sasa walikaa tu ukingoni, macho wazi.

"Nikamgusa mmoja kwa kijiti," anasema. "Haruki. Nikamgusa tena. Haruki. Nikasema huyu amekufa amekaa. Nikageuka kwenda zangu. Nimepiga hatua nne, tano, ndio nasikia nyuma yangu: chubwi! Ameruka saa hiyo, wakati hakuna mtu anamgusa. Nywele ilinisimama."

Mama mwenye nyumba, Njambi, alikuwa na bata watatu waliozoea kuchokoa sakafu ya kidimbwi kwa midomo, hasa pale kwenye mshono. Mabawa yao yakalegea, yakaburuta chini. Halafu shingo. Bata alikuwa anatembea kichwa kimeinama kama anatafuta sindano kwenye nyasi. Kinyesi chao kikawa kijani cha kutisha. Ndani ya siku kumi wakafa wote watatu.

Jikoni, mpishi Namalwa alisukuma karai la samaki mezani.

"Baba Joash, mimi samaki ambaye nyuma amekuwa makaa sipiki. Nifutwe kazi, nirudi Kimilili, nilime mtama. Huyo sipiki."

"Mkate mkia, upike mbele."

"Upike wewe. Na ukule wewe. Na mimi nikae pale kwa mlango nikuangalie."

Tobias hakumla samaki huyo. Ila wengine kabla yake walikuwa wamekwisha kuliwa.

Ndipo maneno yalipoanza, na maneno yakamtafuta mtu. Yakampata Mwanzia.

Mwanzia alikuwa askari wa lango, mtu wa vilima vya ng'ambo ya Kangundo, mrefu, mkimya. Kila asubuhi akitoka zamu alikuwa anazunguka kidimbwi mara moja, anainama, midomo inacheza, halafu anamwaga mabaki ya kikombe chake majini na kwenda kulala. Miaka minne alifanya hivyo, na hakuna aliyejali. Nairobi hapa watu wanawatania Wakamba kuhusu uchawi kila siku, wanacheka, wanaendelea na kazi. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Yule mtu anaongea na maji," Namalwa alisema, akimenya viazi. "Mimi nimemwona na macho yangu."

Na Tobias, aliyekuwa ameketi mlangoni na sahani yake, akafungua mdomo.

"Mimi nimemwona akimwaga kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu nyeusi."

Anaposimulia hapo, Tobias anatazama mikono yake. Hajitetei.

"Ilikuwa chai ya rangi. Nilijua ni chai. Kikombe niliiona, hata harufu ya tangawizi niliisikia. Lakini samaki walikuwa wangu, na wageni walikuwa wameanza kuniuliza umefanya nini. Nilitaka iwe ya mtu mwingine."

Neno likatoka jikoni, likaingia sebuleni. Bwana Kinyanjui ni mtu wa kanisa na wa benki, akasema hayo mambo ya uchawi hayaamini. Ila alisema pia hawezi kulindwa na mtu ambaye nyumba nzima inamwogopa. Ilikuwa Agosti. Mwanzia alipewa saa moja.

Langoni, akiwa na blanketi begani, alisimama mbele ya Tobias aliyekuwa anakata ua.

"Tobias. Ulisema uliona nini?"

Tobias akaendelea kukata. Makasi yakapiga, yakapiga. Alipogeuka, barabara ilikuwa tupu.

Sasa sikia. Mwanzia aliondoka Agosti. Septemba mikia myeusi ilitoka kumi na moja ikafika thelathini.

"Hapo ndipo niliogopa kweli," anasema Tobias. "Mchawi ameenda, uchawi umebaki. Basi ni wa nani?"

Oktoba akatia samaki mmoja ndani ya debe, akafunika kwa jani la mgomba, akatembea kutoka Kitisuru kupitia Westlands mpaka katikati ya jiji, maji yakimwagikia miguuni. Alikuwa ameambiwa kuna maabara ambako watu wanapasua samaki kwa kazi ya serikali. Alimkuta Phoebe, msichana wa koti jeupe, mzaliwa wa upande wa Busia, mdomo wake moto.

"Mzee, hii umetoa wapi?"

"Kidimbwini."

"Unaweka nini kwa hayo maji? Mbolea? Dawa ya kunguni? Mafuta ya gari?"

"Hapana, binti yangu. Maji ya mvua tupu. Ile ya mfereji naijua, inaua."

"Rangi? Mabomba ya shaba?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kuna risasi kidogo ya kuziba ufa. Lakini hiyo ni kitu ya kawaida, hata baba..."

Phoebe aliweka kisu chini.

"Risasi kidogo kiasi gani?"

Tobias akanyoosha mikono kuonyesha uzito wa nusu gunia. Phoebe akakaa kwenye kiti.

Alimweleza polepole, kwa Kiswahili kisichokuwa na maneno ya kitabu. Ziwa ni pana, linapumua, mito inaingia na kutoka, na maji yake yana chumvi za mawe zinazoivika risasi ngozi. Kidimbwi ni kidogo na kimefungwa. Na maji ya mvua hayana kitu ndani yake, ndiyo maana yana njaa. Yanaila risasi taratibu, na huwezi kuona, huwezi kunusa. Samaki anaivuta kwa mashavu. Mashavu yanatoa ute kujikinga, ute unamkaba. Risasi inaingia kwenye damu, inafika kwenye mishipa ya fahamu, na ile mishipa inayoamrisha rangi ya ngozi ya nyuma inakufa. Ndipo mkia unakuwa mweusi. Baadaye uti wa mgongo unapinda. Chura anaguswa leo, habari inamfikia kesho.

"Na bata?" Tobias akauliza.

"Bata walikuwa wanameza vipande kabisa. Mliwakula hawa samaki?"

"Wachache. Mwanzoni."

"Wote mliokula mwende hospitali mpimwe damu. Na usimpe hata paka." Halafu akamtazama. "Mzee, mbona unalia? Samaki watapatikana wengine."

Hakuwa analilia samaki.

Mtu angesema alirudi mbio akasema ukweli. Hakurudi mbio. Alimpeleka mpishi hospitali kwa kumwambia kuna ugonjwa wa samaki, wakapimwa, wakaambiwa wako salama. Kwa Bwana Kinyanjui aliomba ruhusa ya kusafisha. Siku ambayo wenye nyumba hawakuwapo, aling'oa risasi yote kwa patasi, akairudisha Grogan, akaziba ufa kwa saruji, akazika samaki wote nyuma ya mti wa mvule; hawa anaowahesabu sasa aliwatia baadaye. Alifanya hayo peke yake, na wiki tatu hakufungua mdomo.

Halafu Novemba akaja Ndunge, mke wa Mwanzia.

Alikuja kuchukua koti la mvua na sanduku vilivyobaki chumba cha askari. Namalwa alimpokea langoni, akamuuliza habari za nyumbani. Tobias alikuwa upande wa pili wa ua, amechuchumaa, na hakuinuka.

"Nyumbani kuko kimya," Ndunge alisema.

Habari za uchawi zilifika kabla ya Mwanzia mwenyewe. Watu wa kijiji kile wanafanya kazi huku Kitisuru, wanakwenda likizo, wanasimulia. Mwanzia alikuwa amechimba kisima kwa mikono yake, futi arobaini, miaka miwili ya likizo zake. Nyumba tisa zilikuwa zinachota hapo. Sasa hachoti mtu. Wanawake wanapita na mitungi yao kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima, na wakifika mbele ya kisima wanageuza uso na kunyamaza. Hata watoto wamefundishwa kunyamaza hapo.

"Anakaa pale kando ya kisima tangu asubuhi," Ndunge alisema. "Kamba ameizungusha vizuri, ndoo ameiosha. Anangoja mtu mmoja aje. Jioni anaingia ndani. Kesho hivyo hivyo."

Tobias akainuka upande wa pili wa ua, majani yamemjaa nywele.

"Mama. Mimi ndiye niliyesema."

Ndunge hakushtuka.

"Hiyo najua. Niambie ile sijui."

Basi akamwambia yote: ufa, betri, sufuria, mvua, chai. Ndunge alisikiliza mpaka mwisho, akauweka mzigo wake kichwani.

"Mimi unaniambia ya nini?" alisema. "Mimi sijawahi kuacha kunywa maji yake."

Jioni hiyo hiyo Tobias aliingia sebuleni bila kuitwa, akasimama kwenye zulia na miguu ya tope. Bwana Kinyanjui alimsikiliza, akaanza kucheka.

"Kwa hivyo mchawi ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha, akalikunja gazeti lake. Alisema nafasi ya lango ina mtu mwingine sasa. Alisema hakumfukuza Mwanzia kwa uchawi, alimfukuza kwa sababu ya maneno.

"Maneno yalikuwa yangu," Tobias akamwambia.

"Basi yarudishe wewe. Mimi siendi Ukambani kuomba mtu msamaha."

Tobias hakufutwa. Anasema angependa zaidi kama angefutwa.

Krismasi ilipita. Barua mbili alizomwandikia Mwanzia hazikujibiwa. Wiki iliyopita ikaja moja fupi, imeandikwa na binti wa Mwanzia kwa mwandiko wa shule: mama anasema uje, lakini usije kuzungumza na baba, baba hana shida na wewe. Uje uzungumze na watu.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu Tobias atapanda basi. Jumapili ibada ikiisha atasimama mbele ya kanisa. Phoebe amemwandikia karatasi yenye muhuri inayoeleza habari ya risasi, lakini Tobias hana imani nayo sana.

"Karatasi watasema imeandikwa na nani? Na mimi watasema Mwanzia amenigeuza kichwa. Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi. Naweza kusema ukweli wote, halafu ukweli wenyewe uwe ushahidi kwamba mtu ni mchawi."

Amelifikiria hilo siku nyingi, akiwa na makasi mkononi. Anachopanga ni hiki: akimaliza kusema, ataomba watu waandamane naye mpaka kisimani. Atashusha ndoo mwenyewe, avute mwenyewe, anywe kikombe kizima. Kisha atakaa hapo kando ya Mwanzia, kama Mwanzia atamruhusu kukaa, kijiji kizima kimtazame kama atageuka rangi. Atakunywa tena asubuhi. Na tena.

Ruhusa aliyopewa ni ya siku mbili. Anapoulizwa itakuwaje siku mbili zikiisha na bado hakuna aliyekuja kuchota, Tobias anakung'uta pumba mikononi.

"Nimemuuliza Bwana Kinyanjui hiyo hiyo."

Akasemaje?

"Alisema nikichelewa nisirudi."

Anaokota jembe lake, anatazama nyasi ambazo bado hajazikata.

"Nguo zangu nimekwisha funga zote."